Sumaku ya Kuwakinga Wanaanga wa Mirihi: Uchambuzi wa Pendekezo Lililoandikwa Tanga

Pendekezo ninalolichambua hapa liliandikwa na binti wa kidato cha sita, mmoja wa wanachama wa kikundi kidogo cha fizikia kinachokutana Chumbageni, jijini Tanga. Linahusu chombo cha watu wanne kitakachosafiri siku 180 kwenda Mirihi, kukaa huko siku 500, kisha kurudi kwa siku 180 nyingine. Hoja yake kuu ni kwamba watu hao walindwe dhidi ya mionzi kwa uga wa sumaku, wala si kwa kuongeza unene wa ukuta wa metali. Niliombwa kulipitia kabla halijapelekwa mbele, na kadiri nilivyoendelea kulisoma ndivyo nilivyoona linastahili kuchambuliwa kwa maandishi, kwa kuwa mwandishi wake amefanya hesabu zake kwa dhati, na kasoro zilizobaki ndizo zilezile zinazowasumbua wahandisi wa mashirika makubwa.

Kwanza ni ukubwa wa hatari yenyewe. Gari la utafiti la Curiosity lilipokuwa njiani kuelekea Mirihi, kati ya Novemba 2011 na Agosti 2012, lilibeba kifaa cha kupimia mionzi, na kifaa hicho kilionyesha wastani wa takriban milisivati 1.84 kwa siku (milisivati ni kipimo cha madhara ya mionzi mwilini). Mtu aliyetulia nyumbani kwake duniani hupokea wastani wa milisivati 2.4 kwa mwaka mzima kutokana na vyanzo vya asili. Kwa kipimo cha Curiosity, siku 360 za kwenda na kurudi zinampa mwanaanga takriban milisivati 660, wakati kikomo ambacho NASA imekiweka kwa maisha yote ya kazi ya mwanaanga ni milisivati 600. Kwa hiyo kikomo kinavukwa kwa safari peke yake, kabla hatujahesabu siku 500 za kukaa Mirihi, ambako kifaa hichohicho kilipima takriban milisivati 0.64 kwa siku. Jumla inakaribia milisivati 1,000. Binti amezitumia namba hizi bila kuzikuza wala kuzipunguza.

Mionzi hiyo ni ya aina mbili, na pendekezo katika rasimu yake ya kwanza halikuzitenganisha vya kutosha. Aina ya kwanza ni mionzi ya kosmiki inayotoka nje ya mfumo wa Jua letu, ambayo hufika bila kukoma kutoka kila upande. Sehemu kubwa yake ni protoni, sehemu ndogo ni viini vya heliamu, na takriban asilimia moja tu ni viini vizito kama vya kaboni, oksijeni na chuma. Asilimia hiyo moja haipaswi kudharauliwa, kwa sababu madhara ambayo chembe huyaacha ndani ya seli huongezeka kwa mraba wa chaji yake, na kiini cha chuma chenye chaji 26 huacha njia yenye uharibifu wa mara 676 kuliko protoni yenye mwendo huohuo. Aina ya pili ni dhoruba za Jua, ambazo huja kwa saa au siku chache, zikiwa na protoni nyingi mno lakini zenye nishati ndogo zaidi. Dhoruba kubwa ya Agosti 1972 ilitokea kati ya safari za Mwezini za Apollo 16 na Apollo 17, na laiti wanaanga wangekuwa njiani wakati huo, wangepata kipimo cha kuugua.

Kwa nini basi asiongeze tu unene wa ukuta? Hapa binti ameandika vizuri kuliko vitabu vingi nilivyofundishia. Protoni yenye nishati ya elektrovolti bilioni moja (elektrovolti ni kipimo cha nishati ya chembe) huhitaji zaidi ya mita tatu za maji ili isimame, na njiani inapogonga viini vya atomu za ukuta huvivunja na kumwaga neutroni na vipande vingine, ambavyo vinaingia ndani kwa watu. Ukuta wa alumini ulioongezwa unene kidogo unaweza usilete nafuu yoyote ya maana dhidi ya mionzi ya kosmiki. Vitu vyenye haidrojeni nyingi, kama maji na plastiki ya polithini, hufanya kazi vizuri zaidi kwa kila kilo, lakini navyo havimalizi tatizo. Uga wa sumaku una sifa moja ambayo ukuta wowote hauna: huikunja njia ya chembe bila kuigonga, na chembe iliyogeuzwa kabla ya kugusa kitu haimwagi neutroni.

Wazo hilo ni la siku nyingi. Richard Levy aliandika kuhusu koili za supakondakta, yaani waya usio na ukinzani wa umeme ukipozwa sana, za kukinga vyombo vya anga tangu mwaka 1961. Waingereza wa maabara ya Rutherford Appleton, akiwemo Ruth Bamford, wamefanya majaribio ya kuuzungushia uga mdogo wa sumaku gesi yenye chaji ili isaidie kuzuia protoni za Jua. Ulaya nayo, kwa ushirikiano na CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe, ilikuwa na mradi wa SR2S kati ya mwaka 2013 na 2015, uliochunguza koili za magnesi diboridi, kiwanja ambacho Wajapani waligundua mwaka 2001 kwamba hupoteza ukinzani wote wa umeme kinapofikia nyuzi 234 chini ya sifuri za Selsiasi. Binti amechagua njia hii ya mwisho, na nadhani amechagua vema.

Sasa nifike kwenye swali lililozua mjadala mrefu kuliko yote. Katika ukurasa wa tatu ameandika hivi: uga wa sumaku wa Dunia hapa Tanga una nguvu ya takriban mikrotesla 33 (tesla ni kipimo cha nguvu ya uga wa sumaku, na mikrotesla ni sehemu yake ya milioni), ambayo ni ndogo hata kwa sumaku ya kuchezea watoto, na bado unatulinda; inakuwaje chombo kihitaji tesla mbili, yaani nguvu iliyozidi hiyo kwa takriban mara 60,000? Kijana mmoja wa kikundi alimwambia kwamba bila shaka amekosea hesabu. Hakukosea. Kinachoikunja chembe ni nguvu ya uga ikizidishwa na umbali ambao chembe inasafiri ndani ya uga huo. Protoni yenye elektrovolti bilioni moja, ikiingia katika uga wa tesla moja, huzunguka kwa duara lenye nusukipenyo cha mita 5.7. Ikiingia katika uga wa mikrotesla 33, huzunguka kwa duara lenye nusukipenyo cha kilomita 170 hivi. Kilomita 170 ni umbali mkubwa kwa chombo, lakini ni umbali mdogo sana kwa Dunia, ambayo uga wake unaenea maelfu ya kilomita juu ya vichwa vyetu. Ukijumlisha nguvu ya uga kwa umbali wote kuanzia usawa wa bahari hadi mbali angani katika eneo la ikweta, unapata takriban tesla-mita 100. Chombo cha binti kina tesla mbili katika unene wa mita nne, yaani tesla-mita 8. Kwa hiyo, pamoja na nguvu yote hiyo, sumaku yake haifiki hata sehemu ya kumi ya kile ambacho watu wa Tanga wanakipata bure.

Ninasema watu wa Tanga kwa makusudi, kwa sababu si kila mahali duniani pana kinga ileile. Chembe inayoshuka karibu na ncha za Dunia hufuata mistari ya uga na kuingia kwa urahisi, ilhali inayoshuka karibu na ikweta hulazimika kuikata mistari hiyo, na kwenye mwambao wetu protoni zenye elektrovolti chini ya bilioni 10 zinazoshuka wima huzuiwa kabla hazijafika kwenye hewa. Mwanafizikia Jacob Clay aliona dalili ya jambo hili mwaka 1927 alipopima mionzi akiwa melini kati ya Java na Uholanzi: kadiri meli ilivyokuwa karibu na ikweta, ndivyo mionzi ilivyopungua. Faida hiyohiyo ilitumika jirani zetu Malindi, ambako setilaiti iliyopewa jina la Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la Waitalia lililo baharini, ikawekwa katika njia ya karibu na ikweta ambako vipimo vyake havikuvurugwa sana na chembe zilizonaswa na uga wa Dunia.

Hata hivyo, nilimtaka arekebishe sentensi moja. Alikuwa ameandika kwamba sisi tulio ardhini tunaishi kwa sababu ya sumaku ya Dunia. Sumaku inasaidia, lakini mlinzi mkubwa wa mtu aliye ardhini ni hewa. Juu ya kila mita moja ya mraba kuna takriban tani 10 za hewa, ambazo kwa kuzuia mionzi ni sawa na mita 10 za maji, na ndiyo maana watu wanaoishi karibu na ncha za Dunia hawateketei. Mahali ambapo sumaku ya Dunia ndiyo inayobeba mzigo mkubwa ni katika Kituo cha Kimataifa cha Anga, kilicho kilomita 400 hivi juu, nje ya hewa lakini ndani ya uga. Tofauti hiyo ni ya msingi katika kisa hiki. Uzoefu wote wa miezi na miezi ambao binadamu anao angani umepatikana ndani ya kinga hiyo. Waliowahi kutoka nje yake katika miaka ya Apollo, kati ya 1968 na 1972, walikuwa watu 24, na safari ndefu kuliko zote, ile ya Apollo 17, haikufika hata wiki mbili.

Je, tesla-mita 8 zinatosha? Kwa protoni, zinageuza zile zenye nishati ya hadi elektrovolti bilioni 1.6 hivi, jambo ambalo si dogo, kwa sababu sehemu nene ya mionzi ya kosmiki iko chini ya hapo. Kwa viini vya chuma hali ni ngumu zaidi. Kiini hicho kina chembe 56 (protoni na neutroni) lakini chaji 26 tu, kwa hiyo kwa mwendo uleule kinahitaji uga zaidi ya mara mbili ili kikunjike sawasawa na protoni, na sumaku ya binti inakigeuza ikiwa tu nishati yake haizidi takriban elektrovolti bilioni 0.5 kwa kila chembe. Chembe mbaya kuliko zote ndizo zinazopenya kwa urahisi zaidi. Jambo hili halikuwepo kabisa katika rasimu ya kwanza, na lingeachwa hivyo, msomaji angeondoka akiamini kwamba kinga ni kamili.

Umbo alilolichagua ni la koili zinazozunguka sebule ya wanaanga, ambayo ina urefu wa mita 10 na nusukipenyo cha mita 2.5, na uga unabaki ndani ya koili hizo hadi nusukipenyo cha mita 6.5. Ubora wa umbo hili ni kwamba mahali wanapokaa watu karibu hapana uga, na hivyo linajibu wasiwasi wa wanasayansi kama Eugene Parker, aliyeuliza ni busara gani kuwaweka watu kwa miezi ndani ya uga mkali wa sumaku. Gharama yake iko katika nguvu za kimakanika. Uga wa tesla mbili husukuma koili zake kwa shinikizo la angahewa 16 hivi, takriban mara saba ya upepo wa tairi la gari dogo, katika eneo lote la ukuta. Nishati inayokaa ndani ya uga huo ni takriban jouli bilioni 1.8, yaani uniti 500 za umeme, na hakuna njia ya kuihifadhi bila muundo wa kuibeba: hata kwa alumini imara ya anga, hesabu ya chini kabisa inatoa tani 24 za muundo peke yake, kabla ya waya, mitambo ya kupoza na kila kitu kingine. Roketi ya SLS ya NASA, katika toleo lililoruka mwaka 2022, inaweza kupeleka takriban tani 27 kuelekea Mwezini. Kwa maneno mengine, sumaku hii inakula roketi nzima, na pengine zaidi ya moja, na lazima iunganishwe angani.

Nilidhani uzito ndio ungekuwa kikwazo cha mjadala, lakini swali lililobadilisha pendekezo liliulizwa na fundi mmoja wa umeme wa mitambo ya bandarini, mtu mzima ambaye huja kuwasikiliza vijana. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza: “Mwanangu, na hiyo sumaku ikizima wakiwa katikati ya safari, unawafanyaje?” Binti akamjibu kwa adabu: “Hilo sijaliandika, fundi.”

Swali hilo lina historia. Waya wa supakondakta ukipata joto kidogo mahali pamoja, ukinzani unarudi hapo, mahali hapo panazidi kupata moto, na nishati yote iliyohifadhiwa inaweza kugeuka joto katika muda mfupi sana. Tarehe 19 Septemba 2008, katika mtambo wa kugonganisha chembe wa LHC huko CERN, kiungo kibovu cha umeme kati ya sumaku kilisababisha tani kadhaa za heliamu kuvuja na sumaku nyingi kuharibika, na mtambo ulirudi kazini Novemba 2009. CERN ina karakana, vipuri na mamia ya wahandisi. Chombo kilicho nusu ya njia ya Mirihi kina watu wanne. Mfano wa pili unagusa anga moja kwa moja. Kipima-chembe cha AMS-02, kilichoongozwa na Samuel Ting, kilitengenezewa sumaku ya supakondakta ya kupozwa kwa takriban lita 2,500 za heliamu kimiminika. Sumaku hiyo ilijengwa, ikapelekwa kupimwa katika kituo cha Shirika la Anga la Ulaya huko Noordwijk, Uholanzi, na kisha mwaka 2010 ikaondolewa. Heliamu yake ingeisha baada ya miaka michache tu, ilhali Kituo cha Kimataifa cha Anga kilikuwa kimeongezewa maisha, kwa hiyo wahusika wakaweka mahali pake sumaku ya kudumu iliyo dhaifu mara kadhaa, lakini isiyohitaji kupozwa. Kifaa kilirushwa tarehe 16 Mei 2011, na sumaku hiyo dhaifu imekitumikia kwa miaka mingi. AMS haikuwa kinga ya watu, ila uamuzi wake unaonyesha wahandisi wazoefu walipima nini dhidi ya nini.

Jibu la swali la fundi, baada ya kulipima, linatofautiana kwa kila aina ya mionzi, na hapa ndipo utenganishaji niliousisitiza unapoleta faida. Mionzi ya kosmiki huumiza polepole. Sumaku ikizima kwa siku tatu, mwanaanga anaongezewa milisivati chache, na safari inaendelea. Dhoruba ya Jua haisubiri matengenezo, na ikikutana na sumaku iliyozima, watu wanaweza kuugua ndani ya saa chache. Kwa sababu hiyo niliona, na binti akakubali, kwamba ulinzi dhidi ya dhoruba usikabidhiwe sumaku hata kidogo. Protoni za dhoruba nyingi hazina nishati kubwa: sentimita 20 za maji husimamisha zile za hadi elektrovolti milioni 170 hivi, na chumba cha mita mbili kwa mbili kwa mbili kilichozungushiwa maji ya unene huo kinahitaji takriban tani tano hadi sita tu, ambazo sehemu yake kubwa ni maji ya kunywa yatakayobebwa hata hivyo. Chombo cha Orion cha NASA kinafuata mantiki ya namna hiyo, kwa kuwaingiza wanaanga katika sehemu za kuhifadhia mizigo chini ya sakafu na kuwazungushia vitu vilivyomo chomboni.

Sumaku inabaki na kazi moja, mionzi ya kosmiki, na lazima iipiganie nafasi yake. Tuseme inapunguza kipimo cha safari kwa nusu: milisivati 660 zinakuwa 330. Ukiongeza 320 za Mirihi unapata 650, na bado umevuka kikomo. Wakiishi chini ya udongo wa Mirihi na kupunguza nusu ya kipimo cha huko, jumla inashuka hadi 490, na udongo huo haubebwi kutoka duniani. Mpinzani wa kweli wa sumaku, kwa maoni yangu, ni injini yenye kasi zaidi. Safari ya siku 240 kwenda na kurudi badala ya 360 inaondoa takriban milisivati 220 bila koili hata moja, na inapunguza pia chakula, maji na uchovu. Kama ningekuwa na tani 30 za kuchagua leo, ningezipa injini. Binti hakubaliani nami. Anasema, na hoja yake ina uzito, kwamba injini hupunguza siku za njiani tu, lakini sumaku iliyokwisha kufika angani inaweza kutumika safari baada ya safari, na kwamba waya zinazofanya kazi katika joto la juu zaidi zinaendelea kuboreshwa, wakati mionzi itabaki ileile. Hoja hiyo nimemwachia aiandike kama ilivyo, kwa jina lake, bila mimi kuilainisha.

Rasimu ya pili sasa ina chumba cha maji kwa ajili ya dhoruba, ina makao ya chini ya udongo, na ina koili zilizogawanywa katika mizunguko inayojitegemea ili mmoja ukishindwa mingine isivutwe nayo. Kazi iliyobaki ni ncha mbili za silinda, ambazo koili hazizikingi. Mtu aliye katikati kabisa ya sebule anaiona takriban asilimia 11 ya anga kupitia ncha hizo, lakini aliye karibu na mlango wa mwisho anaona karibu nusu yake. Binti amehamishia vitanda katikati, ameweka matangi ya mafuta upande mmoja na akiba ya chakula upande wa pili, na anapiga upya hesabu ya kipimo kwa kila kitanda, huku akizingatia kwamba akiba ya chakula itakuwa inapungua kila wiki.